Nani Alizidisha? Uchambuzi wa kisa cha kumite iliyogeuka ugomvi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika klabu moja ya karate. Mwalimu mkuu aliniomba nisikilize waliohusika, nipange maelezo yao, kisha nimwambie ninavyoona, kwa kuwa mimi si mwanachama pale na sina upande. Wote wamekubali kiandikwe kwa manufaa ya walimu wengine. Majina, umri, mahali na tarehe nimeviondoa, na mambo machache yasiyoathiri maana nimeyabadilisha. Wawili walioumizana nitawaita Mkongwe na Mpya, maana ndivyo klabu yenyewe ilivyowatazama, na mtazamo huo ulichangia yaliyotokea.

Usuli

Mkongwe ana mkanda wa kahawia. Amekuwa klabuni muda mrefu kuliko karibu kila mtu, hata kuliko msaidizi wa mwalimu ambaye ana mkanda mweusi lakini ni mdogo kwake kiumri. Anasifika kwa mateke safi na kwa kujizuia: mguu wake hufika shavuni mwa mwenzake ukasimama hapohapo. Mpya alitoka kwenye ndondi. Ana mkanda wa kijani, mwili mkubwa, mikono mizito, na hakuna aliyewahi kumlalamikia. Hawakuwa na ugomvi wa nyuma. Nalisisitiza hilo kwa sababu habari zilipoenea watu walianza kutafuta chuki ya zamani, na haikuwapo.

Mwilini mwao, hata hivyo, kulikuwa na mazoea mawili tofauti. Bondia hufundishwa kupitisha ngumi ndani ya shabaha. Mwanakarate wa mashindano hufundishwa kuifikisha ngumi na kuirudisha. Kichwani huruhusiwa kugusa kwa kiasi tu, na anayezidisha huadhibiwa na mwamuzi. Mpya aliijua kanuni hiyo kwa maneno. Mkono wake ulikuwa bado unajifunza.

Klabu ilikuwa pia na kanuni yake ya kumite, yaani kupigana kwa mazoezi, ambayo kila mwanafunzi aliikuta na kuirithi: mpige mwenzako kama anavyokupiga. Nia yake ni njema. Akienda taratibu, nawe nenda taratibu. Akiongeza, nawe ongeza. Hivyo kila mtu ajichagulie kiwango anachokiweza. Nimeisikia katika klabu nyingi, na si za karate pekee. Ndiyo iliyowaponza hawa wawili.

Yaliyotokea

Ilikuwa mwisho wa kipindi, watu wamechoka. Mwalimu alikuwa upande mmoja wa ukumbi akiwarekebisha wanaoanza. Msaidizi alisimamia kumite peke yake, jozi kadhaa kwa pamoja, raundi za dakika mbili.

Mapema katika raundi ya kwanza, ngumi ya Mpya ilimpata Mkongwe kifuani kwa uzito kuliko ilivyotarajiwa. Mkongwe akasema, "Polepole kidogo." Mpya anakumbuka maneno hayo, na anaamini kabisa kwamba alipunguza. Mkongwe anakumbuka kwamba hakuna kilichopungua. Zikapita sekunde chache, Mkongwe akajibu kwa teke la mbele tumboni. Kwake lilikuwa teke la kumkumbusha mwenzake. Kwa aliyelipokea lilikuwa adhabu. Tangu hapo kila pigo lilikuwa jibu la lililotangulia.

Msaidizi aliona. Akapaza sauti kwa wote, "Jamani, angalieni nguvu!" Kila jozi ikadhani inasemwa jozi nyingine.

Kengele ilipolia walipaswa kubadilishana wenzi, lakini idadi haikugawanyika vizuri na wawili hawa wakabaki pamoja. Msaidizi akawasogelea akauliza, "Mko sawa?" Wakajibu kwa pamoja kwamba wako sawa.

Raundi ya pili haikufika katikati. Mkongwe alirusha teke la mzunguko kichwani, nalo safari hii halikusimama shavuni; lilimpata Mpya juu ya sikio. Mpya akayumba hatua mbili. Msaidizi akaita "Yame!", amri ya kusimama. Mpya akaingia na ngumi tatu, na ya mwisho, iliyotoka waziwazi baada ya amri, ikampata Mkongwe puani. Damu ikatoka. Wenzao wakawashika. Mmoja akawa anasema, "Umenipiga kusudi!" Mwingine akamjibu, "Wewe ndiye ulianza!"

Maamuzi ya dakika za kwanza

Mwalimu alipofika, sauti moja kutoka kwa wanafunzi ilisema waachiwe wamalizane palepale mkekani, kiume, yaishe. Aliikataa bila kuijadili. Nilipomuuliza kwa nini, alisema kwamba mtu aliyepigwa kichwani hapigani tena usiku huo, basi. Sababu hiyo ilitosha. Ipo nyingine: imani kwamba hasira huisha kwa kuipiga nje imepimwa na haikusimama. Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman alichapisha jaribio ambamo waliopiga mfuko wa mazoezi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira na ukali zaidi kuliko waliokaa kimya bila kufanya lolote.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuwatenganisha wasionane kabisa: Mkongwe akapelekwa chumba cha kubadilishia nguo, Mpya akakalishwa kwenye benchi mbele. Mwalimu hakumuuliza yeyote nani alianza. Alijua atapata majibu mawili, na kila atakayelitamka jibu lake mbele ya wenzake atalazimika kulishikilia.

Akamgeukia Mpya, ingawa damu ilikuwa kwa Mkongwe. Walimu wengi wangekimbilia damu. Akamuuliza maswali mafupi: tuko wapi, hii ilikuwa raundi ya ngapi, kabla ya huyu ulipigana na nani, tulianza kipindi kwa zoezi gani? Mpya alisita kwenye swali la mwenzi wa awali, kisha akakosea. Kichwa kinamuuma, alisema, lakini yuko sawa na anaweza kuendelea. Mwalimu akamvua glavu kwa mikono yake mwenyewe.

Hapo alikuwa sahihi kabisa. Mtikisiko wa ubongo hauhitaji mtu azimie. Wengi wanaoupata hawazimii. Kusahau jambo la dakika tano zilizopita, maumivu ya kichwa, kuyumba, kuduwaa: dalili moja kati ya hizi inatosha kumtoa mtu. Tamko la wataalamu lililotokana na mkutano wa Amsterdam wa 2022 kuhusu mtikisiko wa ubongo michezoni linashikilia msimamo huohuo: anayeshukiwa aondolewe mara moja na asirudi mchezoni siku hiyo. Mpya alikatazwa kuendesha gari, akapewa mtu wa kukaa naye usiku, na mtu huyo akaambiwa mambo ya kumkimbiza hospitali bila kusubiri asubuhi: kutapika mara kwa mara, maumivu yanayozidi, usingizi usio wa kawaida, degedege, kuona vitu viwili viwili, udhaifu wa mkono au mguu.

Huko chumbani Mkongwe alikuwa ameinua uso juu ili damu isimwagike. Hivyo damu hushuka kooni. Alielekezwa ainame mbele kidogo na kubana sehemu laini ya pua kwa dakika kumi mfululizo bila kuachia, na ikakata.

Langoni

Mwalimu alimruhusu Mkongwe atangulie kuondoka, akidhani ameweka nafasi kati yao. Mkongwe hakwenda mbali. Mpya alipotoka akisindikizwa na msaidizi, alimkuta langoni anasubiri. Wanafunzi wawili walikuwa karibu, mmoja simu mkononi.

Kijana huyu msaidizi, ambaye nusu saa kabla alikuwa ameshindwa kumkatiza mtu mzima kuliko yeye, hapa alifanya kazi ambayo ningependa kila mwenye mkanda mweusi aifahamu. Kwanza aliwaondoa watazamaji, na kwa kuwapa kazi: "Ninyi wawili, rudini mkasaidie kukunja mikeka." Mtu anayetazamwa hawezi kurudi nyuma kwa urahisi. Kisha alisogea katikati akasimama ubavu, si uso kwa uso, viganja wazi usawa wa kifua. Mkao huo hausemi vita, na bado mikono ipo mahali pa kukinga ikibidi. Akamwambia Mpya, bila kugeuka, abaki nyuma yake. Ndipo akamwambia Mkongwe kwa sauti ya chini, "Kaka, nakuheshimu. Una neno la kusema na litasikilizwa, mbele ya mwalimu. Leo huyu ana jeraha la kichwa. Ukimgusa, kosa lote linakuwa lako."

Mkongwe akajibu kwamba alitaka kuongea tu. Msaidizi hakubishana naye. "Najua. Basi ataongea na wewe akipona." Mkongwe akaondoka.

Tazameni alivyopewa njia ya kuondoka. Hakuitwa mwongo wala mgomvi. Alipewa sababu ambayo mtu mwenye heshima zake anaweza kuitaja mbele ya wengine: mwenzangu ni mgonjwa. Na lile neno la kosa kuwa lake lote ni kweli pia mbele ya sheria. Katika nchi nyingi, nguvu ya kujilinda hukubaliwa ikiwa ni ya lazima dhidi ya hatari iliyopo na haizidi kiasi cha hatari hiyo. Anayemngoja mtu langoni ana kazi ngumu ya kudai kwamba alikuwa anajilinda.

Vikao vilivyofuata

Mwalimu aliwasikiliza mmoja mmoja. Nilipokuja nilirudia hivyohivyo, nikaongeza swali moja: kwa kila pigo unalolikumbuka, kwa kipimo cha moja hadi kumi, ulitoa nguvu kiasi gani na ulipokea kiasi gani? Mkongwe alisema alikuwa akitoa nne na kupokea saba. Mpya alisema alikuwa akitoa nne, labda tano, na kupokea saba au nane. Hawakuwa wameonana.

Kwa bahati, mwanafunzi mmoja alikuwa amerekodi ili ajitazame mwenyewe, na wawili hawa walionekana nyuma yake. Tuliwaonyesha picha hiyo wakiwa pamoja. Nguvu inapanda kwa hatua ndogondogo, na hakuna mahali unapoweza kuweka kidole ukasema hapa ndipo fulani alipoanza. Mkongwe alitazama mara mbili, akasema alidhani lile teke la tumboni lilikuwa la kugusa tu.

Matokeo

Maumivu ya kichwa ya Mpya yaliisha baada ya siku kadhaa. Alirudi kwa ngazi: mwendo mwepesi, kata (mfululizo wa miondoko unaofanywa bila mpinzani), mazoezi bila kuguswa, na kumite baada ya daktari kumruhusu. Wote wawili walizuiwa kumite kwa muda sawa. Leo wanafanya mazoezi ukumbi mmoja na wanasalimiana. Sijaona urafiki, na sidhani ni kazi ya mwalimu kuulazimisha.

Klabu iliifuta ile kanuni. Sasa anayesimamia hutaja nguvu kabla ya kila raundi na kuwaonyesha kwa pigo la mfano. Mtu yeyote akisema "Punguza", wote wawili husimama, hugusana glavu, na kuanza upya kwa mwendo wa taratibu. Hakuna anayeulizwa sababu. Na "Yame" huambatana na mwili: msimamizi huingia kati.

Uchambuzi: kwa nini kulinganisha nguvu hakuwezekani

Wahenga walishasema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwaka 2003 watafiti wa London, Sukhwinder Shergill na wenzake, walilipima jambo la jinsi hiyo na kulichapisha katika jarida la Science. Watu wawili waliketi, kila mmoja akabonyezwa kidole na mashine, kisha akaambiwa ambonyeze mwenzake kwa nguvu ileile aliyoipokea, wakibadilishana zamu. Hakuna aliyejua mwenzake ameagizwa nini. Nguvu ilipanda kwa wastani wa karibu asilimia 38 kila zamu. Piga hesabu: zamu nne zinatosha kuizidisha zaidi ya mara tatu na nusu.

Hawa walikuwa watu wasio na hasira, wametulia, wamepewa agizo la wazi la kulinganisha. Maelezo ya watafiti ni kwamba ubongo hutabiri matokeo ya tendo lako mwenyewe na kupunguza hisia zake. Ndiyo maana huwezi kujitekenya. Pigo linalotoka kwa mwingine halipunguzwi hivyo. Kidole si ngumi, na sidai kwamba asilimia hiyo inafaa mkekani kama ilivyo. Mkekani kuna uchovu, kuna adrenalini, kuna fahari mbele ya wenzako. Sioni hata moja kati ya hayo linaloweza kuifanya hesabu iwe nafuu.

Kwa hiyo Mkongwe na Mpya, katika raundi ile ya kwanza, walikuwa wakiitii kanuni ya klabu. Walilinganisha kwa uaminifu, kila mmoja kwa kipimo cha mwili wake, na kipimo hicho kimeharibika kwetu sote. Kati ya kanuni 20 za Gichin Funakoshi, mwasisi wa karate ya kisasa, ya pili inasema katika karate hakuna shambulio la kwanza. Wote wawili waliijua kwa moyo. Haikuwasaidia kwa sababu kila mmoja aliamini, bila kudanganya, kwamba shambulio la kwanza lilikuwa la mwenzake. Kipimo cha nguvu lazima kitoke kwa mtu wa tatu, na kabla ya kengele.

Uchambuzi: maswali yenye jibu moja

"Polepole kidogo" lilikuwa ombi bila hatua yoyote ya kufuata. Halikusimamisha mchezo, wala halikusema nani apunguze hadi wapi. "Mko sawa?" lilikuwa baya zaidi. Ukimuuliza mtu swali hilo mbele ya mpinzani wake, pumzi juu, wenzake wanatazama, umeshamchagulia jibu. Afadhali kutouliza na kuwabadilishia wenzi, hata kama mtu mmoja atakaa raundi nzima benchi.

Na tuseme wazi kuhusu umri. Msaidizi alikuwa na mamlaka ya mkanda, lakini kumkatiza kaka aliyemtangulia klabuni kulimwia vigumu, ndiyo sababu onyo lake likaelekezwa kwa wote. Hili ni la mwalimu mkuu kulitatua. Atangaze mbele ya darasa kwamba anayesimamia raundi ana neno la mwisho, hata mbele ya wakubwa, na yeye mwenyewe awe wa kwanza kusimama anapoitwa.

Uchambuzi: waliokwisha kunyamaza

Jambo lililonigusa kuliko yote halikuwa katika maelezo ya wagomvi. Mwanafunzi mmoja wa kike, mwepesi wa mwili, aliniambia kwamba kwa miezi mingi alikuwa akijipanga kwenye mstari ili asikutane na watu watano fulani, Mkongwe na Mpya wakiwamo. Hakuwa na malalamiko dhidi ya yeyote kwa jina. Alijua tu kwamba akimpata mmoja wao nguvu itapanda, na kwamba kanuni ya kulipiza haimfai mtu wa kilo zake. Akaongeza kwamba wawili walioanza pamoja naye waliacha mazoezi, wakasema kazi zimewazidi.

Ugomvi huonekana pale tu watu wawili wanapokuwa na uwezo wa kujibizana. Asiye na uwezo huo haleti ugomvi. Hupunguza siku za kuja, kisha haji. Walikuja kujifunza kujilinda. Klabu inayosema haijawahi kuwa na tatizo la kumite inapaswa kuitazama orodha ya walioondoka kabla ya kulisema hilo tena. Mwalimu aliwapigia simu wale wawili. Mmoja amerudi.

Uchambuzi: adhabu

Hapa sikubaliani na mwalimu, naye anajua. Aliwapa adhabu sawa ili klabu isigawanyike kambi mbili. Hoja yake ina uzito, kwani watu walikuwa wameshaanza kuchukua pande. Lakini yale maelezo ya nguvu kupanda bila kukusudia hayafiki kila mahali. Ngumi baada ya "Yame" ni jambo jingine. Mpya anasema hakusikia, na namwamini: katika msisimko mkubwa masikio hufunga, na alikuwa ametoka kupigwa juu ya sikio. Inabaki kuwa kosa, kwa sababu anayepigana na wenzake ana wajibu wa kujizoeza kusimama, na klabu ina wajibu wa kumzoesha.

Kusubiri langoni ni kuzito zaidi. Kati ya pua kuacha kutoka damu na Mpya kufika langoni kulikuwa na muda wa kutosha kuvaa viatu, kufunga mkoba na kwenda zake. Hakuna pigo lililokuwa likimjibu. Ulikuwa uamuzi wa mtu aliyetulia kiasi cha kuamua, mwenye mkanda wa kahawia, dhidi ya mwenzake aliyejulikana kuwa ameumia kichwa. Ningemzuia kumite kwa muda mrefu zaidi, na ningeahirisha mtihani wake wa mkanda mweusi hadi awe amesimamia raundi za wengine kwa msimu mzima, akitaja nguvu, akiingia kati, akiwajibika kwa pua zao. Mwalimu amelichukua pendekezo la kusimamia. La mtihani bado analifikiria.